Tumebana matumizi miezi minne na bili hazishuki: tunakosea wapi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Naandika nikiwa nimechoka, na ninahitaji ushauri wa watu waliopita njia hii. Nyumbani tuko sita: mimi na mume wangu, watoto watatu wanaosoma, na mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye tangu alipoanza kusumbuliwa na miguu. Kipato chetu hakijabadilika kwa muda mrefu ilhali gharama za maisha zinapanda, na mwanzoni mwa mwaka tulikaa kikao cha familia tukakubaliana kubana matumizi. Tulipiga marufuku taa kuwashwa kabla giza halijaingia kabisa, tukaagiza kila chaja ya simu ichomolewe ikimaliza kazi yake, tukaacha vitu vidogo vidogo vya kujifurahisha mwisho wa wiki, na mume wangu akaanza kwenda kazini kwa miguu siku tatu kati ya tano.

Huu ni mwezi wa nne. Risiti na ankara zote naziweka kwenye kopo la bati juu ya kabati, na juzi usiku, watu walipokwisha kulala, nilizimwaga mezani nikazipanga mwezi baada ya mwezi. Nilichokiona kimenivunja moyo. Bili ya umeme imeshuka kwa kiasi kidogo sana, ambacho huenda kingeshuka hata tusingefanya lolote. Bili ya maji imepanda. Na fedha inayobaki kabla ya mshahara mwingine ni ile ile. Wakati huohuo nyumba imepoteza amani. Binti yangu wa kati alikaripiwa na baba yake kwa kuwasha taa asome saa kumi na mbili jioni, akafunga daftari na kwenda kulala bila kumaliza kazi ya shule, na mimi nikabaki najiuliza kama tunachookoa kinalingana na tunachopoteza.

Naomba msiniambie tu kwamba tupunguze matumizi, kwa sababu tumekwisha kupunguza kila tulichokiona. Ninachotaka kujua ni namna ya kukiona tusichokiona: mtu anaanzia wapi, anapima vipi, na ni mambo gani yanayostahili jasho lake?

Jibu la kwanza

Dada, pole kwa uchovu, na pole zaidi kwa huyo binti. Nimekuwa fundi umeme wa majumbani kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi ninapoitwa nyumbani kwa mtu kuangalia "mita inayokimbia" nakuta familia imekazana na balbu na chaja huku umeme wote unaishia bafuni.

Umeme unaoulipia ni nguvu ya kifaa, inayohesabiwa kwa wati, ukizidisha kwa saa ambazo kifaa hicho kimefanya kazi. Wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, hiyo ni uniti moja. Kwa hesabu hiyo, balbu ya LED ya wati 9 inayowaka saa 5 kila siku hutumia uniti 1.35 tu katika mwezi mzima wa siku 30. Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi unaong'aa kwa sababu ya kupata moto, hutumia uniti 9 kwa muda huohuo. Kama bado mnazo za zamani, zibadilisheni, kisha mwacheni mtoto asome. Ama chaja iliyoachwa kwenye soketi bila simu, nyingi za siku hizi hazifikishi hata nusu wati. Tuseme basi ni nusu wati kamili, usiku na mchana, mwezi mzima: haifiki uniti 0.4. Hita ya maji ya wati 3,000 hutumia kiasi hicho kwa takriban dakika 7.

Hapo ndipo ninapotaka muangalie. Kifaa ambacho kazi yake ni kutoa joto ndicho cha kushughulikiwa mwanzo: hita ya maji, jiko la umeme, oveni, pasi, birika, mashine ya kukaushia nguo, na mashine ya kufulia pale inapochemsha maji yake yenyewe. Maji ni mazito kuyapasha moto. Tangi la lita 100 likitolewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi hadi nyuzi 60 hula uniti 4.65, hata kama hita ni mpya na ya gharama, kwa sababu hicho ndicho kiasi cha joto ambacho maji yenyewe yanadai. Linganisha uniti hizo za mara moja na zile 1.35 za balbu kwa mwezi.

Sasa kuhusu kupima. Mita nyingi za elektroniki zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni yake pameandikwa inamweka mara ngapi kwa kila uniti. Tuchukulie yenu imeandikwa 1,000, ingawa zipo zenye namba nyingine, kwa hiyo someni ya kwenu kwanza. Zimeni kila kitu ndani ya nyumba, mmoja asimame mbele ya mita akiwa na saa, na mwingine awashe kifaa kimoja kimoja. Balbu ya LED ya wati 9 itakufanya usubiri zaidi ya dakika 6 kabla ya kuona mmweko mmoja. Jokofu likiwa linavuta wati 120 litamweka mara 2 kwa dakika. Ukiwasha hita ya wati 3,000, taa itamweka mara 50 kwa dakika, karibu kila sekunde, na sijawahi kumwona mwenye nyumba aliyesimama pale akatazama taa ile ikimweka bila kwenda mwenyewe kuizima. Wachukueni watoto muwafanyie zoezi hili. Watalielewa upesi kuliko makaripio ya mwezi mzima.

Na kama taa inaendelea kumweka huku mnaamini kila kitu kimezimwa, hapo kuna kifaa mlichokisahau au kuna hitilafu katika nyaya. Hitilafu ya nyaya msiitafute wenyewe. Iteni fundi aliyesajiliwa.

Jokofu lina namna yake. Wati zilizoandikwa nyuma yake usizizidishe kwa saa 24, kwa sababu linawaka na kuzima. Liangalieni kwa dalili: bana kipande cha karatasi mlangoni, ufunge, ukivute; kikitoka bila ubishi wowote, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja mchana kutwa. Ndani panatosha nyuzi 4, na kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuzidisha baridi zaidi ya hapo hakuna faida. Nyuma yake pawe na nafasi ya kupitisha hewa.

Nyongeza moja ya usalama. Wapo watakaokushauri ushushe joto la tangi la hita hadi nyuzi 40 ili kuokoa. Usifanye hivyo, hasa kwa kuwa unaishi na mzee. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi katika maji ya vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45. Tangi libaki nyuzi 60, muwe waangalifu yasimchome mtu bombani, na akiba itafutwe kwenye muda wa kuwasha na kiasi cha maji yanayotumika.

Jibu la pili

Namshukuru fundi kwa maelezo hayo. Mimi nitasema juu ya maji, kwa kuwa dada amegusa jambo lililonipata: bili ya umeme ilikaa palepale, ya maji ikapanda.

Kwangu ilipanda miezi mitatu mfululizo. Niliwashuku wapangaji wa chumba cha uani kwamba wanafua nguo za watu wengine, nikafikia hatua ya kuwasemesha vibaya, jambo ninalolijutia mpaka leo. Fundi bomba aliyekuja hakufungua hata mkoba wake. Aliomba rangi ya chakula, akadondosha matone machache kwenye tangi la choo, akatukataza kuvuta maji kwa dakika 20, kisha akaniita nikatazame bakuli. Maji ya bakuli yalikuwa mekundu. Ule mpira unaoziba tundu chini ya tangi ulikuwa umekakamaa na kupinda upande mmoja, maji yakawa yanateleza kimyakimya ukutani mwa bakuli usiku na mchana, bila sauti wala tone la kuonekana sakafuni. Uvujaji mwembamba wa nusu lita kwa dakika, ambao jicho likipita haraka halioni, ni lita 720 kwa siku. Mpira wenyewe ulikuwa miongoni mwa vitu rahisi kabisa nilivyowahi kununua.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia yeyote aoge kwa kikombe, fanya jaribio la usiku. Watu wote wakishakwenda kulala, andika namba za mita ya maji, hadi zile ndogo za mwisho. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua koki, zisome tena. Zikiwa zimesogea na hakuna aliyeamka kutumia maji, una uvujaji. Na kama choo ni kizima, tafuta kwenye boya la tangi la juu linalomwaga, kwenye bomba la bustani, na kwenye mabomba yaliyozikwa, ambayo hujitaja kwa ardhi yenye unyevu au nyasi zilizostawi mahali pamoja tu.

Koki inayodondosha nayo isidharauliwe. Kinga glasi chini yake kwa saa moja: ikiingia mililita 200, hizo ni lita 144 kwa mwezi. Na ikiwa ni koki ya maji moto, unalipia mara mbili, maji yenyewe na umeme uliotumika kuyapasha. Vivyo hivyo bafuni. Kinga ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua ukiwa na saa mkononi. Ikijaa kwa sekunde 40, bomba lako linatoa lita 15 kwa dakika, na kichwa cha bomba kinachotoa lita 8 au 9 kitakuogesha vizuri vilevile. Mama mzee hahitaji kuharakishwa bafuni. Inatosha kubadilisha kile kichwa cha bomba.

Jibu la tatu

Nimesoma swali mara mbili na kuna sentensi moja ambayo wenzangu hawajaigusa: "fedha inayobaki ni ile ile." Mume wa dada anakwenda kazini kwa miguu siku tatu kwa wiki. Nauli ya siku hizo haikutumika. Imekwenda wapi?

Ninatunza hesabu za chama kidogo cha kuweka na kukopa, na katika kazi hiyo nimejifunza kwamba fedha iliyookolewa lakini haikuhamishwa huwa bado haijaokolewa. Ikibaki mfukoni au kwenye akaunti ileile ya matumizi itatafutiwa kazi kabla ya mwezi kwisha, na wala mtu hatakumbuka ilikwendaje. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila akiba mnayoipata ipewe jina na ihamishwe siku hiyohiyo: nauli ya Jumatatu iingie kwenye akaunti ya akiba Jumatatu, hata kama ni ndogo kiasi cha kuonea aibu. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alieleza mwaka 1865 kwamba mitambo ya mvuke iliyotumia makaa ya mawe kwa ufanisi zaidi ilisababisha makaa mengi zaidi kutumika, kwa kuwa nafuu iliyopatikana iliwavuta watu kuongeza matumizi. Majumbani huenda vivyo hivyo. Tunafunga balbu zisizokula umeme, halafu tunaziacha zinawaka hadi asubuhi.

Jambo la pili ni madeni, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu. Katika zile risiti zako za kopo la bati, tafuta kila malipo ya awamu: kochi, televisheni, simu, mkopo wa ada. Kisha uulize riba yake inakokotolewa juu ya nini. Mtu anakopa 1,200 za sarafu yoyote kwa mwaka mmoja, anaambiwa riba ni asilimia 12, yaani 144, jumla 1,344, na kwamba atalipa 112 kila mwezi. Anaondoka akiamini amekopa kwa asilimia 12. Lakini kufikia katikati ya mwaka amekwisha kurudisha nusu ya mkopo, na bado anatozwa riba kana kwamba zile 1,200 zote angali nazo. Riba hiyo ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 21 na nusu kwa mwaka. Vilevile, deni linalotozwa asilimia 2 kwa mwezi, kama halilipwi na riba inaingizwa kwenye deni, huwa limekua kwa asilimia 26.8 mwaka unapokwisha. Sijui kifaa chochote cha umeme kinachoila familia kwa kasi hiyo. Fedha ya ziada yoyote ielekezwe kwanza kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote huku mengine yakilipwa kiwango chake cha chini, lakini kabla hujalipa mapema, soma mkataba uone kama kuna tozo ya kulipa kabla ya muda na kama riba iliyobaki itasamehewa.

Kisha kuna malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi: vifurushi vya televisheni na intaneti, programu za simu ambazo mtoto alijiunga kwa majaribio ya bure, bima mbili zinazokinga kitu kimoja, makato ya huduma za benki. Pitia taarifa ya benki ya miezi mitatu mstari kwa mstari, na kila usichoweza kukieleza kwa sentensi moja kisitishe. Hii ni kazi ya jioni moja na haimnyimi mtu chochote.

Utakutana pia na kanuni za kugawa kipato, hasa ile ya asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matakwa na 20 kwa akiba. Usijilaumu ikikushinda. Tangu mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri familia ilivyo na kipato kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Mgawanyo mmoja wa asilimia hauwezi kuwa kipimo cha haki kwa kila nyumba. Anza na kiasi ambacho hakitakulazimisha kukopa tarehe ishirini.

Na mwisho upande wangu: gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka, kama ada, bima na matengenezo, zijumlishe ugawe kwa 12, uziweke pembeni kila mwezi. Familia nyingi ninazoziona zikikopa kwa riba mbaya hazikopi kwa sababu ya dharura. Zinakopa kwa jambo ambalo tarehe yake ilijulikana tangu mwaka jana.

Jibu la nne

Naomba niingie jikoni, maana huko hakujaguswa, na nipingane kidogo na ushauri unaozoeleka wa kununua kila kitu kwa wingi.

Kununua kwa wingi kunaokoa pale tu ambapo kitu hakiharibiki na bei yake kwa kila kilo au lita ni ndogo kweli. Tazama uzito ulioandikwa, usitazame ukubwa wa pakiti. Pakiti iliyokuwa gramu 500 ikawa gramu 450 kwa bei ileile imepanda bei kwa zaidi ya asilimia 11, na wengi hatuoni kwa kuwa rangi na picha havikubadilika. Halafu kuna kinachooza. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa majumbani kilifikia wastani wa kilo 79 kwa kila mtu duniani. Kwa nyumba ya watu sita, kama ya dada, wastani huo unazidi kilo 470. Sisemi kwamba yeye anatupa kiasi hicho. Nasema tu kwamba kabla ya kupunguza anachonunua, aandike kwa wiki mbili anachotupa. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba sehemu kubwa ilikuwa vyakula vilivyopikwa, vikawekwa nyuma kabisa ya jokofu kwenye vyombo visivyoonyesha kilichomo. Nilihamia kwenye vyombo vya kioo na rafu ya mbele, na tatizo likapungua sana.

Kuhusu kupika, maji yakishaanza kuchemka hayaongezeki joto hata ukifungulia moto wote. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu, na mvuke ni ghali: kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka iwe mvuke kunahitaji takriban mara 7 ya nishati iliyotumika kuifikisha lita hiyo kwenye mchemko kutoka nyuzi 20. Kwa hiyo sufuria ikichemka, funika na ushushe moto hadi usikie mchemko mdogo tu. Chakula kitaiva kwa muda uleule. Sufuria ya shinikizo inafanya vizuri zaidi, kwa kuwa ndani yake maji hufikia karibu nyuzi 120. Jamii ya kunde iloweke usiku kucha, ichemshe sawasawa angalau dakika 10, kisha sufuria iliyofunikwa unaweza kuizungushia blanketi zito ndani ya kapu iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe. Haya niliyaona kwa bibi yangu tangu utotoni, na niliyadharau mpaka nilipoanza kulipa gesi mwenyewe.

Muulizaji anarejea, baada ya wiki sita

Ndugu zangu, sikutaka kurudi na shukrani tupu, ndiyo maana nimekaa kimya hadi nipate la kusema.

Tulianza na mita. Jumamosi moja mume wangu alisimama nje na saa, mimi na watoto tukawa ndani tunawasha kimoja kimoja na kupiga kelele kila taa inapomweka. Binti wa kati ndiye aliyeandika. Tulipofika kwenye hita ya maji, mume wangu hakupiga kelele tena. Aliingia ndani akauliza inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi. Jibu lilikuwa kwamba haizimwi. Mama alikuwa akiamka usiku kukanda miguu kwa maji moto, na kwa kuwa hakutaka kumsumbua mtu, aliiacha swichi iwake saa zote. Hakuna aliyejua, na yeye hakujua kwamba ni tatizo. Tumenunua chupa kubwa ya kuhifadhi joto inayokaa kando ya kitanda chake, tunaijaza kabla ya kulala, na hita sasa inawashwa kwa muda maalumu asubuhi na jioni. Joto la tangi hatukuligusa, kama fundi alivyoagiza.

Choo nacho kilikuwa kinavuja. Tulitumia rangi ya bluu, na haikuhitaji hata dakika 20.

Kwenye madeni ndiko kulikonitoa machozi. Kochi tulilokaa juu yake siku ile ya kikao cha kubana matumizi ndilo lililokuwa na riba kubwa kuliko deni lolote tulilo nalo. Nilikwenda kwa muuzaji na mkataba mkononi, nikauliza maswali aliyoyaorodhesha ndugu wa jibu la tatu, na nikakubaliwa kumaliza mapema kwa kusamehewa sehemu ya riba iliyobaki. Nauli ya siku tatu za mume wangu sasa inahamishwa kila asubuhi anapofunga viatu, nami ndiye ninayemkumbusha.

Bili ya umeme ya mwezi uliopita imeshuka kwa karibu theluthi moja. Ya maji imerudi ilivyokuwa mwaka jana. Mume wangu alimwita binti yetu, akamwambia taa ya mezani ni yake mpaka atakapomaliza kusoma, na akamwomba radhi mbele ya ndugu zake.

Bado kuna jokofu. Karatasi tuliyoibana mlangoni haikusubiri kuvutwa, ilianguka yenyewe. Nimepata fundi wa kubadilisha mpira, lakini ananishauri ninunue jokofu jipya badala yake. Ndugu fundi, kama bado upo, naomba unisaidie kupima lipi lina nafuu: jokofu letu lina miaka 14, linatoa baridi vizuri, na halijawahi kufunguliwa mashine.

Jibu la kwanza

Nipo, dada, na nimefurahi kwa ajili ya mama. Badilisha mpira kwanza. Ukishabadilishwa, weka mita ndogo ya kuchomeka kati ya soketi na jokofu kwa siku 7 kamili, milango ifunguliwe kama kawaida yenu, kisha uzidishe uniti utakazosoma kwa 52. Namba hiyo ya mwaka ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye lebo ya nishati ya jokofu jipya lenye ujazo uleule, wala usilinganishe na kubwa zaidi ambalo muuzaji atakuvutia. Tofauti izidishe kwa bei ya uniti kwenu, ndipo ugawe bei ya jokofu jipya kwa kiasi hicho. Ukipata miaka mitatu au minne, nunua, tena kwa fedha taslimu. Ukipata kumi, endelea na la zamani. Nitumie namba hizo wiki ijayo tuzitazame pamoja.